Gati Lijengwe Wapi? Boti, Manatii na Ramani za Florida

Mwekezaji mwenye kiwanja ukingoni mwa mto huko Florida, Marekani, akiomba kibali cha kujenga gati la boti hamsini, mbao na zege si mambo yatakayomkwamisha. Wakaguzi watataka kujua boti hizo zitaelekea wapi. Zikifungua kamba Jumamosi asubuhi, zitapita kwenye maji ya kina gani, zitakatiza juu ya nyasi bahari zipi, na kati ya hapo na mlango wa bahari zitawapitia manatii wangapi? Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama atapata nafasi zote hamsini, au kumi, au tano.

Gati lenyewe haliui mnyama. Kinachoua ni njia inayozaliwa na gati, na njia hiyo huendelea kutumika miongo mingi baada ya mkandarasi kulipwa chake na kuondoka. Kibao cha mwendo kinaweza kung'olewa na kusogezwa wiki ijayo, na doria huongezwa au kupunguzwa kulingana na bajeti. Marina, yaani bandari ya boti, ikishajengwa, imejengwa. Ndiyo sababu Florida, pamoja na mabishano yake yote juu ya vibao na faini, imelipa uzito mkubwa swali la ramani.

Manatii wa Florida ni ndugu wa nguva wa Bahari ya Hindi. Tofauti inayoonekana haraka ni mkia: wa nguva una panda mbili, wa manatii ni wa duara mfano wa kafi. Aliyekomaa hufikia mita tatu na uzito wa karibu kilo 450, na wapo wanaozidi hapo kwa mbali. Hula majani kwa saa nyingi kila siku, kwenye maji ya kina kifupi ambako mwanga wa jua hufika chini na nyasi zikaota. Kila baada ya dakika chache lazima ainue pua juu ya maji avute hewa. Maisha yake yako kwenye tabaka lile lile la maji ambalo boti ya starehe hulipasua kwa kasi.

Halafu kuna baridi. Ingawa ana mwili mkubwa, manatii hana tabaka nene la mafuta kama la nyangumi, na maji yakishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa muda mrefu huumwa na hatimaye hufa. Majira ya baridi yakiingia hukimbilia chemchemi zenye joto la kudumu, kama Blue Spring katika Kaunti ya Volusia na zile za Crystal River katika Kaunti ya Citrus, au hujazana kwenye mifereji inayopokea maji ya uvuguvugu kutoka mitambo ya kufua umeme. Zaidi ya nusu ya manatii wa Florida wanaitegemea mitambo hiyo. Ndama huandamana na mama yake hadi miaka miwili, na katika kipindi hicho hujifunza njia: chemchemi iko wapi, malisho yako wapi, mfereji upi unapitika. Akishazijua, huzirudia msimu baada ya msimu. Mpangaji wa pwani anayedhani kwamba wanyama "watahamia kwingine" ujenzi ukianza, hajui anamzungumzia kiumbe gani.

Jike hubeba mimba kwa mwaka mmoja hivi na huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka miwili hadi mitano. Kwa uzazi wa polepole namna hiyo, usalama wa kundi zima unategemea wakubwa kuishi muda mrefu. Na boti huwagonga hao hao wakubwa.

Watu wengi huamini kwamba muuaji ni propela. Propela hukata, na hukata vibaya, lakini uchunguzi wa mizoga umeonyesha kwamba pigo la mkuku au la sehemu ya chini ya injini nalo linaua wengi: mbavu huvunjika, mapafu hutoboka, na kwa nje ngozi huenda isionyeshe jeraha la kutisha. Kuizungushia propela kizuizi cha chuma hakumwokoi mnyama aliyegongwa na chombo kizito kinachokimbia. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza makovu kwenye mizoga iliyopatikana kati ya 2007 na 2016. Miongoni mwa wakubwa, ni asilimia 4 tu waliokuwa hawana kovu la boti, na karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na dalili za kugongwa mara kumi au zaidi. Makovu yameenea kiasi kwamba wanasayansi huyapiga picha na kuyatumia kumtambua manatii mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Inasikitisha kwamba utambulisho wa mnyama mpole hivi uandikwe na injini.

Sheria ya kwanza ya Florida ya kumlinda ni ya mwaka 1893. Mwaka 1967 serikali kuu ilimwingiza kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na mwaka 1978 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoitangaza Florida nzima kuwa kimbilio la manatii. Miaka mitatu baadaye mwanamuziki Jimmy Buffett na gavana Bob Graham wakaanzisha shirika la Save the Manatee Club. Hata hivyo boti zilizidi kuongezeka, na kila gati lilikuwa likiamuliwa peke yake, ombi kwa ombi. Gati moja la nafasi ishirini halimtishi mtu. Magati hamsini ya namna hiyo kwenye mto mmoja ni balaa, lakini hakuna afisa anayeletewa mezani ombi moja la magati hamsini.

Oktoba 1989 gavana Bob Martinez na baraza lake walizitaja kaunti 13 ambako boti na manatii hukutana zaidi, tangu Duval kaskazini hadi Dade kusini, pamoja na Citrus, Sarasota, Lee na Collier upande wa Ghuba ya Meksiko. Kaunti hizo ziliagizwa ziandae mipango ya kulinda manatii. Kiini cha mipango hiyo ni sehemu inayopanga mahali pa vituo vya boti: marina, magati ya majengo ya makazi ya pamoja, maghala ya kupanga boti nchi kavu, na miteremko ya umma ya kushushia boti kutoka kwenye matrela.

Kazi huanza kwa kuweka ramani juu ya ramani. Moja inaonyesha mahali manatii walipoonekana wakati wa kuhesabiwa kwa ndege, msimu kwa msimu. Nyingine inaonyesha mizoga iliokotwa wapi na chanzo cha kifo. Kuna ya nyasi bahari, kuna ya kina cha maji, kuna ya maeneo ambako mwendo wa polepole tayari ni sheria. Halafu inakuja iliyo ngumu kuliko zote, ramani ya mienendo ya wenye boti. Watafiti wa mpango wa Sea Grant wa Florida waliwahi kuwatumia wenye boti wa ghuba za Tampa na Sarasota ramani kwa posta, wakawaomba wachore safari zao: walitokea wapi, walipita wapi, walitia nanga wapi. Michoro ya aina hiyo inampa mpangaji kitu ambacho hesabu ya magati haiwezi kumpa, yaani safari yenyewe. Boti mia moja zinazotoka bandarini na kuingia bahari kuu kwa dakika kumi si sawa na boti ishirini zinazopita kila wikendi juu ya malisho kwa saa nzima.

Ramani zikishapangwa, ufuko unagawanywa. Kuna sehemu zinazopendelewa, kuna zinazoruhusiwa kwa masharti, na kuna zisizopendelewa. Majina na vigezo hutofautiana kati ya kaunti na kaunti. Palipo karibu na mlango wa bahari, penye maji ya kina na pasipo na nyasi, panaweza kubeba marina kubwa. Palipo ndani ya mto, mbali na bahari, jirani na chemchemi au mtambo wa umeme, hupewa nafasi chache. Kipimo kilichozoeleka kwa sehemu za hatari ni nafasi moja ya boti ya injini kwa kila futi 100 za ufuko, karibu mita 30. Mwenye mita 300 za ufuko atapata nafasi kumi hivi, hata kama eneo lake la maji lingeweza kuingiza sitini. Chini ya boti nako kuna kipimo: kwa kawaida hutakiwa ibaki angalau futi moja ya maji kati ya sehemu ya chini kabisa ya chombo na ncha za nyasi, maji yakiwa yamekupwa.

Miteremko ya umma ina hesabu yake, na wengi huisahau. Nafasi ya gatini hukaliwa na boti moja ambayo huenda ikapitisha wiki tatu bila kuguswa. Mteremko hushusha boti tangu alfajiri hadi jioni, nyingine zimevutwa kwa gari kutoka kaunti za mbali. Uwezo wa mteremko unategemea idadi ya nafasi za kuegeshea magari na matrela kuliko upana wa zege lenyewe, kwa hiyo mpangaji anayejua kazi yake akitaka kupunguza msongamano mtoni huanzia kwenye maegesho.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba hauwaambii watu waache boti zao. Unawaambia zianzie wapi safari. Katika jimbo lenye boti zipatazo milioni moja zilizosajiliwa, kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, siasa ya kupiga marufuku isingefika mbali.

Mahali pazuri bila kasi inayofaa hapatoshi, na hapa upo ushahidi. Mwaka 2006 David Laist na Cameron Shaw walichapisha uchambuzi wa vifo katika mfereji wa Barge Canal na kijito cha Sykes Creek, Kaunti ya Brevard. Ulionyesha kwamba vifo vya kugongwa na boti vilipungua baada ya kanuni za mwendo wa polepole kuboreshwa. Wapo waliopinga njia hiyo. Edmund Gerstein wa Chuo Kikuu cha Florida Atlantic ametoa hoja kwamba manatii husikia vyema sauti za masafa ya juu kuliko mngurumo mzito wa boti iendayo polepole, hivyo kupunguza mwendo kunaweza kumnyima onyo. Hoja kuhusu masikio yake ina uzito na imestahili kuchunguzwa. Lakini mwendo mdogo humpa muda mnyama na humpa muda nahodha, na pigo lake ni dogo. Takwimu za Brevard zinaelemea upande huo.

Utekelezaji haukwenda vizuri tangu mwanzo. Miaka ilipita, kaunti kadhaa bado hazina mpango ulioidhinishwa. Mwaka 2000 mashirika yakiongozwa na Save the Manatee Club yaliwashtaki wasimamizi wa jimbo na serikali kuu, kikiwamo Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, chombo kinachotoa vibali vya ujenzi majini. Makubaliano ya mwaka 2001 yalileta maeneo mapya ya hifadhi na mwendo wa polepole, na vibali vya magati vikawa vigumu kupatikana mahali ambapo ulinzi ulionekana hautoshi. Wajenzi walikasirika, na hapo ndipo kaunti zilipopata sababu ya kuharakisha: pasipo na mpango, kila ombi ni vita, penye mpango, mjenzi anajua mapema aende wapi na asiende wapi. Bunge la jimbo likaziwekea kaunti zilizotajwa tarehe ya mwisho, Julai 1, 2004. Ni jambo la kuzingatia kwamba kilichoisukuma mipango hii hadi mwisho ni hitaji la wajenzi la kupata uhakika, sambamba na huruma kwa wanyama.

Malalamiko ya wenye boti nayo yasipuuzwe. Nafasi za gatini zikiwa chache, bei hupanda, na anayeumia ni fundi au mvuvi mdogo, kwani tajiri ana gati nyuma ya nyumba yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ya ardhi ilipopaa, marina kadhaa za zamani za Florida ziliuzwa na kugeuzwa majengo ya makazi ya kifahari. Mpango wa haki unapaswa kuzipa marina za umma kipaumbele kwenye zile sehemu chache zinazofaa, la sivyo ulinzi wa manatii utaonekana kuwa ua wa kuwazuia maskini wasifike majini. Ulinzi wa namna hiyo haudumu, maana watu wengi watafurahi ukivunjwa.

Tundu kubwa zaidi la mipango hii liko hapo hapo, kwenye nyumba za watu. Kwa kawaida mipango hulenga vituo vyenye nafasi tano na kuendelea. Gati dogo la familia moja lisilozidi ukubwa uliowekwa halihitaji hata kibali cha mazingira cha jimbo. Kila mwenye nyumba ufukweni anajenga lake, na mtaa mzima wa mifereji kama ile ya Cape Coral katika Kaunti ya Lee unaweza kumwaga mtoni boti kuliko marina yoyote, pasipo yeyote kuzijumlisha. Kaunti ya Lee ni miongoni mwa zile zinazoongoza kwa manatii wanaokufa kwa kugongwa. Jimbo zima, mwaka 2019 waliokufa hivyo walizidi 130, idadi ambayo haikuwahi kuonekana kabla. Kosa la kuamua ombi kwa ombi, lile lililotakiwa kukomeshwa mwaka 1989, bado linaishi kwenye magati ya nyumbani. Kuyaacha nje ya hesabu ni udhaifu usio na utetezi.

Hata mpango kamili wa magati hauwezi kumlisha mnyama. Indian River Lagoon, ukanda wa maji wa kilomita 250 hivi uliokingwa na visiwa vya mchanga mashariki mwa Florida, ulipoteza zaidi ya nusu ya nyasi bahari zake katika muongo ulioanzia 2009. Mbolea na majitaka vililisha mwani, mwani ukaziba mwanga, nyasi zikafa. Kuanzia Desemba 2020 manatii walianza kufa njaa. Mwaka 2021 vifo vya sababu zote vilifika takribani 1,100 jimbo zima, rekodi mbaya kuliko zote. Majira ya baridi yaliyofuata, wasimamizi walifanya jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa mwiko: waliwarushia wanyama wa porini letasi, zaidi ya tani 90, karibu na mtambo wa umeme wa Cape Canaveral. Wapiga kura wa Brevard walikuwa wameshakubali mwaka 2016 kujitoza kodi ya nusu senti kwa kila dola ya manunuzi ili kuyasafisha maji hayo, na walifanya vyema, ila majitaka yalikuwa na miongo mingi ya kutangulia.

Kwa mpangaji wa vituo vya boti, janga hilo lina maana ya moja kwa moja. Ramani ya nyasi iliyotumiwa kuamua kwamba ufuko huu unafaa na ule haufai huenda leo ni ya malisho yasiyokuwepo. Manatii anayetafuta chakula hupita mahali ambapo zamani hakupita, na mahali palipopendelewa kwa marina panaweza kuwa njia yake mpya. Mpango usioandikwa upya kila baada ya miaka michache unageuka kuwa leseni ya kugonga.

Crystal River kuna mfano wa kutia moyo, na umetoka kwa watu ambao wengi wasingewatarajia. Kikundi cha wakazi kiitwacho Save Crystal River kiliomba mwaka 2012 manatii ashushwe daraja kutoka "hatarini kutoweka" hadi "anayetishiwa", na daraja lilishushwa kweli mwaka 2017. Kikundi hicho hicho kimeongoza kazi ya kufyonza tope na mwani katika ghuba ya Kings Bay na kupanda upya majani ambayo manatii hula. Maji yamerudi kuwa meupe, malisho yameota. Mtu anaweza kupinga ombi lao la kwanza na bado akaiheshimu kazi hii.

Kwa jumla, makadirio ya 2021 na 2022 yaliweka idadi ya manatii wa Florida kati ya 8,350 na 11,730. Upande wetu wa Bahari ya Hindi hali ni mbaya zaidi. Desemba 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki alitangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Waliokomaa wanakadiriwa hawafiki 250, na wengi wao wako kwenye visiwa vya Bazaruto, Msumbiji. Kwetu adui mkubwa amekuwa wavu wa jarife kuliko propela, kwa hiyo kuiiga Florida neno kwa neno itakuwa kupoteza muda. Kinachofaa kuchukuliwa ni utaratibu: kuchora malisho na njia za mnyama kwanza, ndipo vibali vya magati vitolewe.

Lamu, Kenya, ilifundishwa kinyumenyume. Bandari mpya ilijengwa kwenye ghuba ya Manda, na gati lake la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyowapata, uchimbaji wa njia za meli ukiwa umeshavuruga mikoko, matumbawe na nyasi bahari. Fidia hulipa kipato cha mvuvi, haioteshi nyasi.

Bado kuna sehemu ndefu za pwani ambazo hazijaguswa, kati ya Kiunga na delta ya Rufiji na Kilwa, na maombi ya magati ya hoteli na vituo vya boti za fiba yatazidi kuja. Kaunti za pwani ya Kenya, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na halmashauri za Tanzania Bara hazina sababu ya kusubiri ndege za kuhesabia. Wazee wa Mkokoni na Kizingitini, huko Lamu, wanajua nguva walikuwa wakilisha wapi, msimu gani, na walikoma kuonekana lini. Wakikaa na wataalamu wa nyasi bahari juu ya ramani moja ya kina cha maji, rasimu ya kwanza ya maeneo ya kuruhusu na ya kuzuia inaweza kuwa tayari kabla ya kusi ijayo, na ofisi za vibali zikaanza kuitumia wakati vipimo kamili vinaendelea.